Atokako na Aendako

Mama yangu alikataa kulala gesti. Ninaanza hapo maana mengine yote yalitokana na hilo.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya hospitali, Sumbawanga mjini, mwezi wa saba, upepo unapita ndani ya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Muuguzi alishampima Mama na kumpa kikaratasi chenye namba saba. Mimi akanieleza mara mbili, nadhani kwa kuwa aliona nami nina mvi.

"Bibi, nisikilize. Kesho saa moja kamili asubuhi majina yanaitwa. Awe ameoga, awe na nguo safi. Jina likiitwa hayupo, nafasi anapewa mwingine. Na Ijumaa madaktari wanaondoka, mpaka mwakani."

Hilo la mwakani tulilijua. Mwaka uliopita tulipewa namba vilevile, Mama akagoma kulala mjini, tukarudi nyumbani Mwazye kwa gari la jioni tukisema tutadamka. Gari la alfajiri likapasua tairi, tukafika saa tano, jina lilishaitwa. Wakati ule jicho lake la kulia lilikuwa bado linatambua sura za watu. Sasa lilibaki kujua mwanga na kivuli tu. Alijua mtu amesimama mlangoni, hakujua ni nani. La kushoto lilizimika siku nyingi. Muuguzi alisema ukipita mwaka mwingine yeye haahidi kitu.

Mtoto wa jicho, ndivyo wanavyouita ugonjwa wenyewe. Mama ana miaka themanini na sita. Alimwambia muuguzi, "Nimezaa tisa, wote walitoka wenyewe. Huyu wa kumi ndiye anayetaka mkasi."

Muuguzi alicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza tutalala wapi.

Mtu atauliza, hamna ndugu mjini? Tunao. Binti yangu Salome ameolewa Kizwite, si mbali na hospitali. Lakini nyumba ya Salome ni ya Cleophas, na Cleophas ni mkwe wangu. Sisi tulivyolelewa, mama mkwe halali nyumba anayolala mkwe wake. Si sheria ya Serikali wala ya Kanisa, na vijana wa leo wanaivunja bila kuota ndoto mbaya, ila mimi sijawahi kuivunja, na aliyenifundisha ni Mama. Mkwe wangu tunasalimiana kwa mbali, yeye ameinama, mimi nimeangalia pembeni, na tunapendana sana.

Salome alikuja pale benchini na mtoto mchanga mgongoni.

"Cleophas amesema msihangaike," alisema. "Yeye atakwenda kulala kwa rafiki yake Shedrack siku zote mtakazokaa."

"Mwanaume atolewe kwake na wakwe zake?" Mama akasema. "Halafu huyo Shedrack awaulize wenzake, mbona Cleophas analala kwangu, kafukuzwa? Hapana. Mshukuru sana, mwambie nimesikia."

"Basi Bibi, mlale gesti. Ziko nyingi tu."

Mama akamgeuzia uso. Salome aliniangalia, akajua amekanyaga pabaya.

"Mimi," Mama akasema taratibu, "nimekuwa mwenyekiti wa WAWATA pale kigangoni miaka kumi na moja. Unajua akina mama wangapi walinijia wanalia? Mume alikuwa wapi? Gesti. Kaonekana wapi? Gesti. Leo nilale huko nife, mtu afike Mwazye aulizwe, Bibi Koleta kafia wapi?"

"Lakini Bibi, ungekuwa umelala na mama."

"Watu hawasemi yote, Salome. Wanasema nusu."

Akaikamata fimbo yake, akainuka. "Gari la Mwazye linaondoka saa kumi. Adela, nitafutie mahali pa heshima. Hoteli, kama wanazolala maaskofu. Ukikosa, saa kumi mimi napanda gari, na jicho likae na mtoto wake."

Ilikuwa saa saba na nusu. Salome alirudi nyumbani kwa sababu ya mtoto na baridi. Mimi nikamshika Mama mkono wa kushoto, begi nikaweka kichwani, tukaanza.

Nilimpeleka kwanza kwenye gesti moja karibu na soko, nyumba ya kijani, imefagiliwa mpaka nje. Sikumficha. Nilimwambia, "Mama, hii ni gesti. Tunaingia kuuliza tu. Kuuliza si kulala."

"Kuuliza si kulala," akakubali, lakini rozari akaizungusha mara mbili kwenye kiganja ili ionekane.

Mezani alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi anakwaruza vocha kwa ukucha. Jina lake Faith, lilikuwa limeandikwa kwenye kikombe chake cha chai. Alituamkia vizuri, akasema vyumba vipo, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, kisha akavuta daftari kubwa lenye mistari, akalifungua.

"Jina la Bibi? Kabila? Atokako? Aendako?"

"Mnaandika kila anayelala?" Mama akauliza.

"Kila mtu, Bibi. Jina, kabila, kazi, atokako, aendako. Afisa akija akakuta hatujaandika, tumekwisha."

"Na mtu anatia sahihi?"

"Anatia."

Mama akanigeukia. "Adela, hicho kitabu kiko wazi?"

"Kiko wazi, Mama."

"Nisomee waliolala jana."

Faith akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Bibi, hiyo ni siri ya wateja."

"Siri gani imelala chali mezani? Majina aruke. Nataka watokako na waendako."

Faith alimwangalia, akaona bibi kizee amesimama na macho meupe, akaondoa mkono. Nadhani alitaka naye kuona itaishia wapi.

Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, ila nasoma kwa kidole, na karatasi sharti iwe mbali kidogo. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Anatoka Sumbawanga," nikasoma. "Anakwenda Sumbawanga."

"Mwingine."

"Anatoka Sumbawanga. Anakwenda Sumbawanga. Kazi, biashara."

"Mwingine."

"Huyu anatoka Mbeya, anakwenda Kasanga."

"Huyo msafiri. Mwingine."

"Sumbawanga, Sumbawanga. Na wa chini yake, Sumbawanga, Sumbawanga. Hawa wametia sahihi kwa kalamu moja."

Mama akageuza uso wake upande wa Faith. "Binti, nieleweshe mimi mtu wa shamba. Mtu anatoka Sumbawanga, anakwenda Sumbawanga, katikati analala hapa. Hiyo ni safari ya kutoka kitanda gani kwenda kitanda gani?"

Faith alicheka mpaka vocha ikaanguka chini. Alipopata pumzi akasema, "Bibi, wewe ulifaa polisi. Nenda kwa mzee Ignasi, nyuma ya stendi. Yule ni mtu wa kanisani, hataki mchezo."

Tulikwenda. Sikumharakisha njiani. Mama yangu haharakishwi, ukimharakisha anakaa chini. Kila penye mtaro nilimwambia "inua mguu," kila penye bodaboda nilisimama, na saa ya ukutani kwenye duka la dawa ilinionyesha saa nane na nusu.

Mzee Ignasi alikuwa na koti, na picha ya Bikira Maria ukutani. Nikaifurahia ile picha, nikamwambia Mama ipo. Mama akasema vizuri, na kitabu kipo? Kilikuwepo. Mama akaomba kisomwe. Mzee Ignasi akakifunga, akakiwekea viwiko vyote viwili juu.

"Mama, hiki ni kitabu cha Serikali. Hakisomwi na mteja."

"Mimi sisomi, sioni. Anasoma mwanangu."

"Hata mwanao."

"Kwani mna nini humo?"

"Hamna kitu."

"Kama hamna kitu, unakilalia cha nini?"

Sijui alijuaje, maana hakumwona. Kabla mzee hajajibu, mlango wa korido ukafunguka, akatoka mwanamke wa viatu vya visigino. Alipomwona Mama na rozari yake, akajifunika kanga usoni na kupita mbio, kwa, kwa, kwa, mpaka nje.

Mama akasikiliza viatu vile hadi vikaishia barabarani. "Msafiri huyo kachelewa gari," akasema. "Mchana mwema, mzee wangu." Tukamwachia Ignasi Bikira Maria wake pale ukutani.

Saa tisa na robo. Mama alikaa kwenye kingo ya duka lililofungwa, akanyoosha miguu. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwazye watatuuliza habari za mji," na mimi nikajua kichwani mwake ameshapanda gari. Nilitaka kulia, halafu nikaona kulia kutanichelewesha. Nikamwambia, "Mama, tukanywe kwanza chai pale hotelini. Magoti yapate joto."

Hapo ndipo neno lilipotuchanganya, na sikulipanga. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Wali, maharage, chapati, chai. Penye vitanda ni gesti, au lojing. Hilo kila mtu analijua, isipokuwa mtu ambaye hajawahi kuingia kokote kati ya hizo, na Mama miaka yake yote amekula kwake na kulala kwake. Aliposikia "hotelini" uso wake ulifunguka.

"Umeiona? Na wewe ulikuwa umekaa kimya tu."

Nikataka kumweleza, lakini harufu ya samaki, migebuka ya kukaanga, ilikuwa imeshamvuta. Fimbo yake ikakuta kizingiti, akaingia mbele yangu. Mama mwenye hoteli alikuwa amejitanda ushungi, mwiko mkononi, umri wake kama wangu.

"Hodi," Mama akasema. "Tumekuja kulala."

"Kulala?" Yule mama akaweka mwiko chini. "Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Tuko wawili, mimi na mwanangu. Mpaka kesho alfajiri."

"Mama yangu, hapa tunauza wali."

"Najua mnauza wali, nausikia harufu. Kwani maaskofu wakilala hotelini hawali?"

Wateja wawili waliokuwa wanakula wakacheka, mmoja akasema, "Bi Adija, leo umepata askofu." Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nikamvuta Bi Adija pembeni, nikamweleza yote kwa kifupi, hospitali, mkwe, gesti, gari la saa kumi. Nikamwonyesha kikaratasi. Alikishika, akaiangalia ile namba saba muda mrefu.

"Kesho saa moja?" akauliza.

"Kesho saa moja."

"Mshike mkono, njooni huku nyuma."

Nyuma ya jiko palikuwa na ua, na vyumba vitatu vimejipanga, milango ya bluu. Akafungua cha katikati. Vitanda viwili, mablanketi mazito yale ya mistari, sakafu imepigwa deki inanukia sabuni, ndoo na kata, dirisha lenye pazia. Nilisimama mlangoni, nikamweleza Mama vyote.

"Sina kibao," Bi Adija akasema. "Zamani nilikuwa nacho. Wakaanza kuja watu wa kukaa saa moja, saa mbili. Nikakishusha, sasa ndiyo mlango wa banda la kuku. Analala hapa ninayemjua, au aliyeletwa na ninayemjua. Wengi ni wa hospitali."

"Maneno mazuri," Mama akasema. Hakukigusa kitanda. "Mnaandika wanaolala?"

"Tunaandika."

"Adela, soma."

Bi Adija akaleta daftari la shule, limekunjika pembe. Nikalifungua, nikaliweka mbali kidogo, nikaweka kidole. Kidole hakikujua pa kwenda. Hapakuwa na herufi hata moja ninayoijua. Zilikuwa zimelala, zina mikia na vitone, kama nyayo za kuku kwenye unga.

"Ni Kiswahili," Bi Adija akaninong'oneza, "ila kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilisoma madrasa tu, shule sikwenda. Kile cha Serikali anaandika binti yangu Munira, naye kakifungia kabatini na yuko Laela harusini, kaondoka na ufunguo."

"Adela," Mama akasema.

Kule stendi konda alianza kuita, Mwazye, Mwazye, Mwazye. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, na sauti ilifika pale uani kama amesimama jikoni.

Nitasema kweli. Nilitaka kutunga. Ilikuwa rahisi sana. Mama haoni, mimi ndiye ninayesoma, ningesema anatoka Mwimbi anakwenda hospitali, anatoka Msanzi anakwenda kwa padri, na mwaka huu jicho lingepona. Nikafungua mdomo kabisa. Nikamwona Bi Adija ananitazama, hanizuii. Halafu nikamtazama Mama, amesimama sawa, sikio amelielekeza kwangu kama alivyokuwa akilielekeza nilipokuwa mtoto ninamsomea barua za kaka yangu aliyekuwa Mpanda. Barua zile nilimsomea hata zenye habari mbaya. Sikuruka neno.

"Mama, siwezi," nikasema. "Yameandikwa kwa Kiarabu. Siijui hata herufi moja."

Konda akaita tena. Mama akapapasa, akakipata kizingiti, akakikalia.

"Aliyeandika ni nani?"

"Mimi, mama," Bi Adija akasema.

"Basi soma wewe."

Bi Adija akachukua daftari, akakaa naye pale kizingitini, mabega yanagusana. Akaanza.

"Huyu ni Valerian. Anatoka Mwimbi, anakwenda hospitali. Yeye na mkewe, mkewe ndiye mgonjwa, mguu. Huyu, ngoja. Niliandika Msanzi au nini? Nukta haionekani. Msanzi. Mama mmoja na mtoto wake, mtoto alikuwa anakohoa. Huyu muuza dagaa, anatoka Kasanga, anakwenda Tunduma. Huyu sasa..." Akalisogeza daftari kwenye mwanga. "Huyu sijui nilikuwa nakaanga nini, mafuta yamemwagikia jina lake. Kazi, mwalimu. Anatoka... Ee, mwalimu, ulitoka wapi wewe?" Akaligeuza daftari, akalikwaruza kwa kidole. "Nimeshindwa. Mwandiko wangu mwenyewe nimeshindwa kuusoma. Alikwenda Mbeya, hilo naliona."

Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu asubuhi.

"Adela," akasema, "huyu anasoma kweli. Angekuwa anatunga angetiririka kama maji. Mtu hawezi kutunga halafu akampoteza mwalimu."

Halafu akamgeukia Bi Adija. "Ninyi ni Waislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Pombe basi hamna."

"Haiingii."

"Na mimi nasali rozari. Kwa sauti."

"Sali, mama. Ukuta ni mzito. Na mimi alfajiri naamka kuswali, nikimaliza nitawagongea na maji ya moto. Saa moja haitawapita."

Konda aliita mara ya mwisho, akapiga honi. Mama akaelekeza uso kule kwenye honi.

"Mwambie aende," akasema, kana kwamba konda alikuwa anamsubiri yeye peke yake. Kisha akaingia ndani akipapasa, akakigusa kitanda, akakaa, akavua viatu.

Bi Adija akatafuta kalamu, akaanza kumwandika. Jina, Koleta. Kabila, Mfipa. Kazi?

"Mkulima. Ulezi na mahindi."

"Atokako, Mwazye. Aendako?"

Nikataka kusema hospitali. Mama akaniwahi. "Andika, anakwenda kuona."

Bi Adija aliandika pole pole, kutoka kulia kwenda kushoto, na safari hii akaangalia sana nukta zake.

Tulikula wali na mgebuka. Mama alisema ugali wa ulezi ungefaa zaidi, lakini akamaliza sahani. Kulala tulilala mapema, mimi nikalala kama gogo, na sijui rozari iliishia fungu gani. Nilichosikia baada ya hapo ni mlango unagongwa na ndoo inawekwa chini.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini, nyasi bado nyeupe kwa baridi, Mama ameoga, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Watu walijaa. Wengine walifika na vumbi la safari, wengine hawakufika kabisa. Namba nne iliitwa mara tatu, hayupo. Namba sita hayupo. Nilimshika Mama mkono, wala si kwa ajili yake.

"Namba saba. Koleta."

"Nipo," Mama akajibu, kwa sauti aliyokuwa akifungulia mikutano ya WAWATA. Watu waligeuka. Akasimama, akanyoosha mkono wa kushikwa, muuguzi akaushika, wakaingia.

Haikuchukua muda mrefu kama nilivyoogopa. Alitoka na bandeji, akalalamika njaa. Tukalala tena kwa Bi Adija, Cleophas akaleta maziwa hadi mlangoni mwa hoteli, akayaweka mezani, akainama, nikaangalia pembeni.

Alhamisi asubuhi wakamfungua. Mimi nilisimama nyuma ya muuguzi, nimeshika ukuta. Bandeji ikatoka, Mama akafumba, akafumbua, akafumba tena kwa ajili ya mwanga.

"Bibi, hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu," Mama akasema. "Na kimoja kina pete. Ipige dawa ya meno, itang'aa."

Muuguzi alishusha mkono, akaiangalia pete yake. Mama akamtazama daktari, akalitazama dirisha, akautazama mti ulio nje. Mwisho akaniona mimi. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamwacha anitazame, machozi yananitoka mpaka kwenye kidevu.

"Sweta hilo lina tundu kwenye kiwiko," akasema. "Siku zote hizi tunatembea mjini nalo?"

Wakampa miwani myeusi na dawa za kudondosha. Tulipotoka nje palikuwa na mwanamke mzee peke yake kwenye lile benchi letu, amevaa kaniki, kikaratasi mkononi, anaongea na simu kwa sauti kubwa kama anayeita ng'ombe. Macho yake yalikuwa meupe kama ya Mama ya juzi.

"Njoo unichukue," alikuwa anasema. "Kesho asubuhi wanasema. Nilale wapi? Gesti silali mimi. Hata kwa dawa. Watu watasema nini?"

Alipokata simu Mama alikuwa ameshakaa karibu naye. Wakasalimiana. Akasema yeye ni Minza, Msukuma wa kule bondeni, ziwani, kijana wake amemleta akarudi kwa ng'ombe. Namba yake ishirini na mbili.

"Kesho ndiyo Ijumaa," Mama akamwambia. "Wakiondoka ni mpaka mwakani."

"Wameniambia. Lakini gesti, dada yangu."

"Nani kakutajia gesti? Nakupeleka hotelini."

Minza akageuza uso. "Hoteli si pa kula?"

"Ndivyo wanavyokwambia," Mama akasema. "Nipe mkono."

"Wewe unaona?"

"Jicho moja. Linatosha wawili."

Akamwinua. Nikasogea nimshike Mama upande wa kushoto kama nilivyozoea, akanisukuma kwa kiwiko, taratibu tu, akaniachia mabegi mawili, letu na la Minza. Wakatangulia. Fimbo ya Mama ilikuwa kwapani, haikugusa chini. Nilikwenda nyuma yao naona kisigino chake kinavyokanyaga, hakipapasi, na nilipata shida kuwafuata kwa ule mzigo.

"Inua mguu, pana mtaro," Mama akasema. Minza akainua.

Tulipofika barabarani Mama akasimama ghafla, akamzuia mwenzake kwa mkono kifuani.

"Subiri," akasema. "Ipite kwanza hiyo bajaji ya bluu."

Ikapita. Ilikuwa ya bluu.